Bunduki Isiingie Hapa

Wapendwa wa Uvira, wa Kalundu na Kavimvira, nanyi mnaoanika ndagala huko Makobola, nisikieni.

Petro aliingia bustani ya maombi na upanga. Ulipochomoka haukumpata mkubwa yeyote. Ulikata sikio la Malko, mtumwa aliyetumwa tu. Yesu akaamuru urudi alani, akaliponya sikio. Ndugu, akina Petro wamejaa makanisani mwetu! Jumapili mmoja wao anakaa benchi la nyuma, koti limefungwa mpaka shingoni katika joto hili la ziwa, na akipiga magoti chuma kinagonga ubao: ko! Kwaya inaendelea kuimba. Mama aliye kando yake anamvutia mtoto ndani ya kikwembe. Sote tumesikia, na sote tunafumba macho kana kwamba tunaomba.

Mmesahau Mutarule? Usiku wa 6 Juni 2014, hapo tu katika bonde la Ruzizi, bunduki ziliwakuta watu kwenye ibada, nje, chini ya anga. Watu wasiopungua 30 waliuawa kijijini mle. Tulilia, tukazika. Leo unaifichaje bunduki ndani ya koti ukaja nayo kutoa sadaka?

Msiniambie Kongo haina sheria. Tangu 3 Septemba 1985 raia hashiki bunduki bila kibali. Na Katiba yetu, ibara ya 190, inaita uhaini mkubwa kulea vijana wenye silaha. Nasema hasa nanyi mnaowapigia vigelegele vijana wakipita na mitutu. Ni wana wetu, nawapenda, najua uchungu uliowafikisha huko. Lakini bunduki zao zisiingie hata hospitalini: penye lango la hospitali pamechorwa bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na mchoro ule hauulizi bunduki ni ya nani. Mapatano ya Geneva ya 1949 yamempa kila majeruhi kitanda chake, awe wa kwetu au wa adui. Kijana akiingia wodini na silaha ati amlinde mwenzake, amewaweka wagonjwa wote mbele ya risasi.

Basi wazee wa kanisa, Jumapili simameni mlangoni. Mwenye koti lililofungwa muulizeni kwa upole, mkimwita mwanangu. Msimpokelee bunduki mkaiweka nyuma ya mimbari. Kanisa si ghala. Mwambieni airudishe alikoitoa, kisha aje. Ibada tutaichelewesha. Tutamngoja.