Mnyororo wa Mshindani

Nilipokuwa kijana wa shule niliwekeana dau na rafiki yangu tushindane kwa baisikeli kutoka lango la shule mpaka sokoni, mwendo wa kilomita sita hivi, na atakayeshindwa amnunulie mwenzake chupa ya soda. Rafiki yangu alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko yangu, na jambo hilo lilijulikana na shule nzima. Tulipofika kwenye kilima cha mwisho alikuwa amenitangulia kwa hatua kama ishirini. Mara nikasikia mlio wa chuma, nikamwona anakanyaga bure: pedali zilizunguka upesi, lakini gurudumu halikwenda. Mnyororo ulikuwa umechomoka. Alishuka, akainama, akaanza kuurudisha kwa vidole vilivyojaa grisi, nami nikampita. Aliinua macho akanitazama, wala hakusema neno. Nikafika sokoni kwanza, akalipa dau, nikainywa soda.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi swali ambalo laonekana dogo, walakini limenishinda kulimaliza. Ajali ya chombo cha mshindani ni mali ya nani? Je, ni halali ya yule aliyesalimika, aiokote kama mtu aokotavyo embe lililoanguka njiani? Au ni kitu ambacho mwungwana hana budi kukiacha pale pale kilipo?

Nguvu zote za mpanda baisikeli hupita katika mnyororo, au cheni kama mafundi wengi waiitavyo. Miguu huzungusha gurudumu kubwa la meno lililo kwenye pedali. Mnyororo hulivuta gurudumu dogo la meno lililo nyuma. Na hilo ndilo liendeshalo baisikeli. Katika baisikeli za mashindano magurudumu haya ya meno ni mengi, makubwa kwa madogo, na mnyororo husukumwa kutoka moja hadi jingine kila mpandaji abadilishapo gia. Kazi hiyo hufanyika vema mguu ukiwa mwepesi. Mtu akiifanya huku akikanyaga kwa nguvu zake zote mlimani, mnyororo waweza kuruka na kuanguka pembeni, na hapo shujaa na mtoto mchanga huwa sawa.

Jambo hili liliwapata watu wakubwa mbele ya macho ya dunia. Tarehe 19 Julai 2010, katika mashindano ya kuizunguka Ufaransa ambayo yalianza mwaka 1903, wapandaji walikuwa wakipanda mlima wa Port de Balès katika safu ya Pyrenees. Andy Schleck wa Luxembourg alivaa jezi ya manjano ya kiongozi. Alikuwa amemtangulia Alberto Contador wa Hispania kwa sekunde 31 tu, baada ya siku nyingi za safari. Karibu na kilele Schleck aliondoka kwa kishindo ili amwache mpinzani wake, na katika kishindo hicho hicho mnyororo wake ukaruka. Akasimama, akahangaika nao, akashuka. Contador akampita, pamoja na wapandaji wengine wawili, Samuel Sánchez na Denis Menchov, wala hawakungoja. Jioni Contador alikuwa amepata sekunde 39, na jezi ya manjano ikawa yake kwa sekunde 8. Alipopanda jukwaani kuivaa, baadhi ya watazamaji walimzomea.

Wako wasemao kwamba kuzomea kule kulikuwa upumbavu. Mnyororo, wasema, ni sehemu ya mpandaji kama mguu ulivyo sehemu yake. Hatumngoji mkimbiaji aliyebanwa na msuli. Kwa nini tumngoje yule ambaye mnyororo wake umeruka? Tena kubadilisha gia ni ustadi, na usiyeziba ufa utajenga ukuta. Hoja hii ina uzito, wala sitaki kuidharau. Mnyororo mkavu usiotiwa mafuta, uliolegea mpaka waning'inia, ukikatika njiani, haumwonei mwenyewe. Lakini mnyororo uliotunzwa na mafundi hodari huweza kuruka vile vile. Na wahenga waliotuonya juu ya ufa ndio waliosema pia kwamba ajali haina kinga. Yatupasa kuyashika maneno yote mawili, ingawa hayakai pamoja kwa amani.

Wengine hutaja deni. Nao pia wana ushahidi. Katika hatua ya pili ya mashindano hayo hayo, kwenye njia ya kwenda Spa nchini Ubelgiji, wapandaji wengi walianguka kwenye barabara yenye utelezi, na Schleck alikuwa miongoni mwao. Kundi lililobaki mbele likapunguza mwendo likawangoja walioanguka. Kesho yake, kwenye barabara za mawe, ndugu yake Schleck alianguka na kundi likakatika. Contador akabaki nyuma, na Schleck akaenda na waliokuwa mbele, akampata kwa zaidi ya dakika moja. Basi aliyengojwa hakungoja. Kwa nini yeye angojwe tena?

Sikubali kwamba adabu ni duka, ambamo mtu hutoa akipewa na hunyima akinyimwa. Hata hivyo nakiri kwamba kisa cha mawe chanisumbua, maana chaonyesha jinsi desturi ya kungoja ilivyo na matundu. Haikuandikwa katika sheria. Huamuliwa mwendoni, na watu waliochoka, katika muda wa kuvuta pumzi mara tatu. Contador alisema kwanza kwamba alikuwa amekwisha kuanza kushambulia alipojua mwenzake ana shida. Yamkini. Mimi pia nilikuwa nakanyaga kwa nguvu niliposikia mlio ule wa chuma. Tofauti ni kwamba kilima changu kilikuwa kirefu, na nafasi ya kufikiri nilikuwa nayo.

Naona aliyengoja hamfanyii mwenzake hisani tu. Ashindanaye ataka kujua jambo moja: ni nani kati yetu aliye na nguvu zaidi? Mnyororo ukiruka, swali hilo limezimwa kabla ya kujibiwa. Aendeleaye mbele hupata zawadi, lakini jibu halipati, na labda hatalipata kamwe. Ndiyo maana nadhani Contador alikosea. Na nadhani mwenyewe alihisi hivyo, kwa kuwa usiku ule ule alitoa picha ya video akaomba radhi, akasema kwamba uungwana katika mchezo ni jambo la thamani kwake. Kuna waliosema ati radhi bila kurudisha sekunde ni maneno matupu. Lakini sekunde hazirudishwi kama shilingi, na mtu huomba radhi kwa alicho nacho.

Tarehe 24 Julai Schleck na Contador walipimwa kila mtu peke yake dhidi ya saa, na Contador akaongeza sekunde 31. Alishinda mashindano yote kwa sekunde 39, idadi ile ile aliyoipata Schleck alipoinama juu ya mnyororo wake. Sidhani mtu angeweza kubuni hesabu chungu kuliko hiyo. Kisha mambo yakageuka: mwezi wa Februari 2012 mahakama ya michezo ilimvua Contador ushindi huo, kwa sababu dawa iliyokatazwa ilionekana mwilini mwake, ingawa alikana kwamba aliitumia kwa makusudi, na ushindi ukapewa Schleck. Yeye alisema hakuna sababu ya kufurahi. Jezi aliipata, lakini mlima ule hakuna mahakama iliyoweza kuupanda tena kwa niaba yake.

Rafiki yangu wa shule tulionana tukiwa tumekwisha kuota mvi. Nikamwuliza kama akikumbuka kile kilima karibu na soko. Akasema akikumbuka sana, kisha akaniuliza kama soda ilikuwa baridi.