Wangu Akae Nyumbani Afanye Nini?

Katika juma la kwanza la Majilio mzee mmoja wa kanisa aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu, na kwa hiyo naliandika hapa, ili wenzangu walifikiri pamoja nami. Mzee huyo ni mtu wa imani, wala hakosi ibada. Binti yake mkubwa alikwisha keketwa. Mdogo yu darasa la sita, na kwa ajili ya huyo nilikuwa nimemwendea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mwezi huu watoto wote wa rika lake watakwenda. Wataimbiwa, watapewa zawadi, ng'ombe watachinjwa. Wangu akae nyumbani afanye nini?"

Asiyezijua wilaya za Tarime na Serengeti yafaa aelezwe. Shule zifungwapo mwishoni mwa mwaka, ndipo koo za Wakuria na baadhi ya jirani zao hufanya tohara, na mara nyingi huwa katika miaka igawanyikayo kwa mbili. Wazee wa inchama ndio watangazao wakati wake. Wavulana hutahiriwa, na wasichana wengi hukeketwa, ijapokuwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hata 15. Basi katika majuma yale yale ambayo Kanisa langoja kuzaliwa kwa Mtoto, vijijini watu wangoja kisu. Kalenda mbili zakutana katika nyumba moja, na mara nyingi ile ya kisu ndiyo yenye nguvu.

Kwa nini ina nguvu? Twapenda kujibu upesi kwamba ni ujinga, au ni tamaa ya mahari. Hilo la mahari lina kweli ndani yake, maana wako wazazi wanaohesabu ng'ombe kabla ya kumhesabu mtoto. Lakini halitoshi. Desturi ile ina nguvu kwa sababu ni majira hasa. Majira si tarehe tu. Ni wakati ushikao mwili wa mtu, tumbo lake, miguu yake na jirani zake. Wakati wa tohara hakuna akaaye kando. Bibi anapika, wajomba wanaleta zawadi, vijana wanaimba njiani, na mtoto anarudi akiwa mtu mwingine machoni pa watu, tena na wenzi wa rika watakaomjua mpaka kaburini. Nasi twampa nini? Jumapili nne, kitambaa cha zambarau mezani, na mshumaa uwashwao asubuhi ukazimwa ibada iishapo. Halafu twamwambia, Usiende. Neno "usiende" si majira.

Zamani haikuwa hivyo. Katika nchi tuiitayo Ufaransa leo, Wakristo wa karne ya 6 walifunga siku tatu kila juma tangu sikukuu ya Martin Mtakatifu, tarehe 11 Novemba, hata Krismasi. Wakristo wa Kanisa la kale la Ethiopia mpaka leo hufunga siku zaidi ya 40 kabla ya Krismasi yao ya tarehe 7 Januari, bila nyama wala maziwa. Hata asiyejua kusoma, tumbo lake lamwambia ni wakati gani. Kwetu Mara wengi wamelelewa na misioni zisizoweka mkazo katika mambo haya. Wamenoniti waliofika Shirati mwaka 1934 walileta Biblia na wito wa toba, na uamsho wa mwaka 1942 uliwasha mioyo mingi. Lakini saumu za Majilio hazikuwamo mizigoni mwao. Siwalaumu. Waliogopa dini ya nje isiyo na moyo, na hofu hiyo ni ya haki. Ila dini ya moyo isiyo na siku zake wala chakula chake yaweza kumwacha mtoto wa miaka kumi na miwili peke yake mwezi wa Desemba.

Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, kwamba mahekalu ya watu wa huko yasibomolewe. Sanamu ziharibiwe, majengo yatakaswe. Na kwa kuwa watu wale walizoea kuchinja ng'ombe wengi kwa ajili ya mashetani, waachiwe ng'ombe wao, wawachinje katika sikukuu za Kanisa na kula kwa kumshukuru Mungu. Mtu wa Tarime aelezwapo habari ya barua ile hutabasamu, maana habari ya ng'ombe haihitaji kufasiriwa. Kusini mwa nchi yetu, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alilichukua jando akalipa sala na mafundisho ya Kikristo, na wako waliosema amekwenda mbali mno.

Kazi ngumu ni kupambanua ng'ombe na sanamu. Rika, nyimbo, mafundisho ya wakubwa, zawadi, karamu: hao ni ng'ombe. Kisu juu ya msichana ni sanamu, kwa sababu kinadai damu ya mtoto ili watu wengine wapate heshima. Mtu ataniambia, "Damu ndiyo inayofanya rika, ukiiondoa, umebaki na mchezo." Sina neno la kumnyamazisha, lakini nina la kumwonyesha. Katika kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kilicho chini ya Kanisa Katoliki, wasichana hukaa pamoja majira hayo, hufundishwa, huimba, na mwisho hufanyiwa sherehe mbele ya watu. Mugumu nako Dayosisi ya Mara ya Kanisa la Anglikana ilifungua nyumba salama mwaka 2014. Wako wanaokimbilia huko usiku, bila kuaga. Tangu kale Kanisa lilikuwa kimbilio la mtu anayefuatwa, na tangu kale Wakristo walikesha. Kukesha kwa walezi wa nyumba hizo ni kusikiliza mlango.

Lakini Januari yaja, na wako wazazi wanaokataa kumpokea mtoto asiyekeketwa. Kimbilio halitoshi ikiwa nyumbani hakujabadilika majira. Kwa hiyo nilirudi kwa yule mzee. Nilimshauri nyumba yake ifunge Jumatano na Ijumaa, kama Wakristo wa kwanza walivyofunga, na kitakachobaki kimnunulie binti nguo. Shangazi na mama wa ubatizo waje kila Jumamosi jioni kumfundisha. Na Krismasi afanyiwe karamu kwa jina lake.

Akauliza, "Na ng'ombe?"

Nikasema, "Achinjwe."

"Nani atakuja kula ng'ombe wa msichana asiyekeketwa?"

Nikamwambia nitakuja mimi na mke wangu. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, watu wawili hawamalizi ng'ombe."

Tangu siku ile napita nyumba kwa nyumba jioni, nikiuliza ni nani atakayekuja kula. Hata sasa nimepata nyumba saba.