Ahadi, Dhamana na Ukubwa wa Swapu

Swapu ni sehemu ya diski inayopokea kurasa za memori zilizokosa nafasi kwenye RAM. Kuipimia seva ya hifadhidata ni hesabu, lakini chini ya hesabu hiyo lipo swali la maadili: je, inafaa kuahidi kisichokuwepo mkononi?

Linux, isipoelekezwa vingine, huahidi kupita uwezo wake. Programu ikiomba memori hukubaliwa papo hapo, na RAM yenyewe hutolewa pale tu memori hiyo inapoanza kutumika. Ahadi nyingi hazidaiwi kamwe. Zikidaiwa kwa pamoja, keneli, yaani kiini cha mfumo, huua programu moja ili nyingine zipone, na mara nyingi huiangukia iliyoshika memori kubwa zaidi, yaani hifadhidata. Deni la wengi hulipwa na mmoja.

Kuhusu swali hilo la maadili, fiqhi ya Kiislamu hukataza kuuza kitu asichokuwa nacho muuzaji, kwa kuhofia gharari, yaani biashara isiyo na uhakika. Hata hivyo huruhusu salam: bei hulipwa mwanzo na mali hukabidhiwa baadaye, mradi aina, kiasi na muda vimebainishwa. Kukosa mali leo si kizuizi. Kizuizi ni ahadi isiyo na mpaka.

Mpaka wa namna hiyo upo kwenye Linux pia. Mpangilio wa `vm.overcommit_memory` ukiwekwa 2, jumla ya ahadi haizidi swapu pamoja na sehemu ya RAM, ambayo kwa kawaida ni asilimia 50. Seva yenye RAM ya GB 64 bila swapu huahidi GB 32 tu. Ikipewa swapu ya GB 32, huahidi 64. Ombi linalozidi hukataliwa hapo hapo, na aliyeomba ndiye anayekosa. Swapu hiyo huenda isiguswe kabisa, kwa kuwa kazi yake ni dhamana.

Dhamana, hata hivyo, si riziki. Diski huenda polepole zaidi kuliko RAM, na mwaka 1968 Peter Denning alieleza jinsi mashine inavyoweza kumaliza muda wake ikihamisha kurasa badala ya kufanya kazi. Mwongozo wa hifadhidata ya Oracle nao huishia swapu ya GB 16 kwa RAM inayozidi kiasi hicho. Kwenye seva ile ya GB 64, sehemu ya RAM inayohesabiwa ikipandishwa hadi asilimia 75, GB 16 hizo zinatosha kufikia mpaka uleule wa 64. Kipimo cha haki, basi, ni swapu inayotosha kudhamini ahadi bila kugeuzwa chakula cha kila siku.