Pikipiki ya Pili: Je, Ina Mwenyewe?



Ndugu yetu mmoja, ambaye ana pikipiki ya bodaboda aiendeshayo mwenyewe, ametuuliza: ameonyeshwa nyingine iliyokwisha tumika, yauzwa shilingi 80,000. Je, ainunue ampe kijana, amletee shilingi 300 kila siku, au atosheke na ile aliyo nayo? Swali hili ni la watu wengi mjini kwetu, kwa hivyo twalijibu hapa ili faida ienee.

Yatupasa tujue kwanza kuwa kutafuta mali ya halali hakulaumiwi. Katika Suratul Jumua, aya ya 10, Mwenyezi Mungu Ametuamrisha, ikisha sala, tutawanyike tukatafute fadhila Zake. Lakini ziada ina mizani yake. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir kuwa Mtume (s.a.w.) alitaja matandiko ya nyumbani: la mume, la mkewe, la mgeni, na la nne akasema kuwa ni la shetani. Tazameni, hakulilaumu la pili wala la tatu, kwani kila moja lilikuwa na mwenyewe wa kulilalia. Basi ndugu yetu ajiulize: pikipiki hii ina mwenyewe? Yuko kijana mwaminifu, mwenye leseni, anayehitaji kazi? Au ataka ihesabiwe tu barazani kuwa fulani ana pikipiki mbili? Ikiwa ni hili la pili, bora atengeneze breki za ile ya kwanza.

Jambo la pili ni fedha zitokako. Tupige hesabu. Kijana akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ataleta shilingi 7,800. Tutoe 2,300 za oili, tairi, mnyororo, fundi na bima, zabaki 5,500. Kwa mwendo huo, zile 80,000 zitarudi baada ya miezi 14 na zaidi, nayo yote iwe haina ajali wala ugonjwa. Sasa, lau atakopa hizo 80,000 kwa sharti la kulipa 110,000, itamlazimu miezi 20. Na miezi mitano na kitu katika hiyo, kijana atakuwa akipigwa na jua kwa ajili ya riba tupu. Na riba, Mwenyezi Mungu Ametangaza vita juu yake katika Suratul Baqara, aya ya 279. Ni nani aliye na nguvu za vita hivyo? Ama kuuziwa chombo chenyewe kwa malipo ya polepole, kwa bei moja iliyokatwa tangu mwanzo, wanazuoni wengi wameruhusu, maadamu haiongezwi bei mtu akichelewa kulipa.

Jambo la tatu ni uuzaji wenyewe. Mtume (s.a.w.) aliutia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, akaukuta umaji ndani, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akasema kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Basi fremu iliyopinda ikaungwa na kupakwa rangi, na injini iwashwayo mapema kabla mnunuzi hajafika ili asijue kuwa haiwaki ikipoa, ndiyo nafaka hiyo hiyo yenye maji. Muuzaji aseme aibu ya chombo chake; na mnunuzi aende na fundi, aangalie nambari ya injini na ya fremu, azilinganishe na logbuku. Kisha umiliki uhamishwe kwa jina lake katika mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, wala asitosheke na neno la mdomo. Ikiwa deni tumeamrishwa tuliandike, katika aya ya 282 ya sura hiyo hiyo ya Baqara, vipi tuache kuandika chombo kinachoweza kuua mtu njiani?

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni haki ya kijana. Mwenye kukodisha chombo, kikiharibika pasina kosa la mkodi, hana ijara kwa siku kilizolala kwa fundi. Na mkodi ameshika amana. Halipishwi uharibifu ila akizembea au akivuka mpaka. Lakini twaona wenye pikipiki wakidai shilingi zao 300 mvua ikinyesha, chombo kikiwa kimefunguliwa, hata kijana akiwa kitandani. Basi kijana huyo afanye nini? Hupakia watu watatu, hukimbiza chombo usiku bila ya taa njema, ili atimize hesabu ya mtu aliyelala nyumbani kwake. Akivunjika mguu, mama yake ndiye auguzaye, na tajiri hutafuta kijana mwingine. Dhulma hii haitoki kwa kutoa sadaka siku ya Ijumaa.

Na wakitaka kugawana pato badala ya kodi, Mashafii hawaukubali mkataba huo katika mnyama wa kazi, na Imam Ahmad ameujuzisha. Vyovyote watakavyochagua, mapatano yawe wazi tangu siku ya kwanza, mbele ya mashahidi.

Basi jawabu letu ni hili. Ikiwa fedha ni zake au mkopo usio na riba, chombo kimekaguliwa na kuandikwa, na yuko kijana atakayefanyiwa uadilifu, na anunue, nasi twamuombea baraka. Likikosekana moja katika hayo, asubiri. Pikipiki moja iliyo salama, mwenyewe akirudi nayo magharibi na riziki ya wanawe, ni bora kuliko mbili zilizo na madai ya mja shingoni mwake Siku ya Kiyama.

Wallahu aalam.