Injini Mpya, Deni Lile Lile

Gari langu ni Starlet ya mwaka 1992, lililokuwa jekundu kabla jua la Ikungi halijalipausha. Alizeti zilipokwisha kuvunwa, tulikusanyika wanaume wanne chini ya mkwaju nyuma ya nyumba yangu hapa Ihanja, tukaling'oa injini yake ya cc 1,300 ili tupachike ya Raum, cc 1,500. Fundi ni Mwislamu wa swala tano. Mimi ni mwalimu wa fizikia na mzee wa kanisa. Wa tatu ni kijana wa bodaboda. Wa nne ni jirani yangu, na huyo ndiye aliyenikosesha usingizi.

Miaka mitatu iliyopita, enzi zake za pombe, alinikopa laki mbili na nusu. Mwaka jana akaokoka. Pombe ameiacha kweli, mkewe ni shahidi. Lakini nilipomkumbusha deni alinijibu kwa upole: "Mwalimu, yule aliyekukopa alikufa. Mimi ni kiumbe kipya." Nilinyamaza. Ningempinga vipi, nami nasoma Biblia ile ile? Ezekieli aliahidi kwamba Mungu ataondoa moyo wa jiwe na kutia wa nyama. Nikidai hela ya moyo wa jiwe, si nautilia shaka ule wa nyama?

Siku ya pili, injini kuukuu ikining'inia kwenye mnyororo, kijana wa bodaboda akauliza: "Sasa hili ni gari lile lile?"

"Soma kadi," fundi akajibu bila kuinua kichwa.

Kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chesisi. Ukibadili injini unatoa taarifa TRA, ile ya kwanza ibadilishwe. Ya chesisi haiguswi. "Na kama kuna faini," fundi akaongeza, "jaribu kumwambia trafiki kwamba aliyekimbia ni injini ya zamani." Tulicheka wote. Jirani alicheka pia, kisha akainama kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Plutarko anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya Theseus kwa kubadili kila ubao uliooza, na wanafalsafa wakabishana kama bado ni ile ile. Hoja yao ilikuwa mbao tu. Hapa Ihanja tungeuliza kwanza kama meli ile inadaiwa. Maana mtu hajishiki peke yake. Sehemu ya utu wake imo mikononi mwa wale aliowaahidi, na huko hawezi kufika na spana akafungua boliti mbili tatu.

Wakati wa chai fundi alisimulia kuwa Mtume alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama marehemu anadaiwa. Siku moja hakukubali kumswalia mdaiwa mpaka sahaba Abu Qatada alipojitwika deni lile. Fundi hakumtazama mtu. Mimi nilimtazama jirani: kumbe hata angekuwa amekufa kweli, deni lingebaki hai. Nami nikamkumbuka Zakayo, mtoza ushuru. Moyo wake ulipobadilika, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu, mara nne. Hakusema mtoza ushuru yule hayupo tena.

Mara nne hiyo naifundisha darasani kila mwaka. Ukizidisha mwendo wa gari mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zile zile zishike huwa mara nne. Ndiyo maana fundi alikataa kunipa ufunguo hadi tubadilishe pedi na mabomba ya breki. "Nguvu nimekupa," alisema, "lakini sijakuamini." Sijasikia mahubiri mafupi zaidi juu ya wokovu. Moyo mpya huonekana mahali unapolazimika kusimama, penye kilabu cha pombe au penye mlango wa unayemkwepa.

Lakini hukumu ile iligeuka ikanirudia. Injini ilinigharimu zaidi ya deni ninalodai, na barabara yetu ya vumbi hainiruhusu hata kuikimbiza. Yule mdaiwa alikuwa amenifanyia kazi siku mbili, mikono imejaa grisi, wala sikuwa nimewaza kumlipa. Chesisi yangu nayo ina namba zake.

Jioni nilimwambia kazi yake tuihesabu ndani ya deni. Akakataa; hiyo, alisema, ni ya ujirani. Wiki tatu baadaye alikuja alfajiri na elfu hamsini, amezikunja ndani ya karatasi ya daftari.

"Hizi ni za marehemu," akasema.

Nilizipokea. Nikafungua daftari la madeni, nikaandika tarehe mpya mbele ya jina lile lile.