Skrubu Mfupani, Amana Mdomoni

Mzee wa Mgori, mkoani Singida, akitia tonge la ugali wa uwele mdomoni, jino lake la asili hugundua papo hapo chembe ya mchanga iliyopona kwenye ungo. Kati ya jino na mfupa kuna utando mwembamba wenye neva, na huo ndio unaohisi. Jino la kupandikiza halina utando huo. Skrubu ya titani hushikana na mfupa wenyewe, na mchanga huweza kupita bila taarifa.

Basi kitu kilichoshikana na mfupa kiasi hicho, lakini kisichohisi kama jino, ni mwili au ni chombo?

Mafakihi walilikaribia swali hili zamani. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari za Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alivaa pua ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume akamwamuru avae ya dhahabu, ingawa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume. Hapo ndipo wanazuoni walipopata hoja ya kuruhusu meno kufungwa kwa dhahabu: kumrudishia mtu alichopoteza si kubadili maumbile ya Mungu. Kwa mwendo huohuo, anayetawadha hadaiwi kufungua skrubu za meno yake.

Sayansi nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1965, huko Gothenburg, Sweden, Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia Gösta Larsson skrubu za titani. Larsson alifariki mwaka 2006, akiwa bado anazitumia. Ripoti ya 1981 ya timu ya Brånemark ilihusu watu wasio na meno, waliofuatiliwa miaka 5 hadi 9: skrubu zilizobaki imara zilikuwa asilimia 81 katika taya la juu na 91 katika la chini. Ila safu za meno zilizofungwa juu yake zilidumu asilimia 89 juu, na 100 chini. Skrubu moja ikilegea, wenzake hubeba mzigo.

Hata hivyo mfupa uliovunjika hujiunga, ilhali skrubu iliyolegea haijikazi. Uchafu ukijikusanya chini ya safu ya meno, fizi huvimba na mfupa huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu. Dawa ni kusafisha kila siku na kurudi kwa daktari mwaka hadi mwaka.

Watu wa Mgori wanaujua ulinzi wa namna hiyo. Katika miaka ya 1990, vijiji vinavyopakana na msitu wao vilianza kuulinda kwa doria na sheria ndogo. Msitu ni wa asili, lakini kubaki kwake kumetegemea watu.

Ndiyo maana neno la dini linalofaa zaidi hapa ni amana, nayo humfunga daktari kama inavyomfunga mgonjwa. Kumfungia mzee safu isiyovulika, huku hana nauli ya kurudi kukaguliwa, ni kumtwika deni asiloweza kulilipa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza kwa taya la chini lisilo na meno skrubu mbili tu, zikishikilia meno bandia yanayovulika. Hayo mzee huyavua mwenyewe usiku na kuyasugua kwa mkono wake. Anayetaka safu ya kudumu ana haki ya kumuuliza daktari, kabla ya kutoa senti, nani atakayeikaza skrubu mwaka wa kumi.