Samaki Niliyemtoa Mwambani

Nianze kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo swali ninalotaka kuliuliza lisingenijia. Nilipostaafu ualimu na kurudi nyumbani Kyela, mwanangu aliniletea kutoka Dar es Salaam tangi la kioo lenye pampu ndogo ya hewa, na samaki wawili wa dukani. Nikasema, ya nini samaki wa dukani, wakati Ziwa Nyasa ndilo linaloongoza duniani kwa wingi wa aina za samaki? Nikaenda Matema. Pale mchanga unapokwisha na milima ya Livingstone inapoingia majini, kuna miamba, na katika miamba hiyo wanaishi mbuna, samaki wadogo wa rangi ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga majumbani kwa gharama kubwa. Kijana mmoja mvuvi alinikamatia wanne. Mmoja, dume la buluu lenye mistari myeusi, nikampenda kuliko wenzake.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Nilimlisha usipa wa kusaga, siku nyingine hata moyo wa ng'ombe, nikidhani kwamba aliyenyang'anywa kwao anastahili angalau chakula kizuri. Kumbe mbuna wa aina ile kutwa nzima hukwangua mwani juu ya mawe, na utumbo wake mrefu hauwezi nyama nyingi. Baada ya miezi miwili akaacha kula. Tumbo likaanza kuvimba, akawa anasimama pembeni akihema haraka haraka.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilimwaga maji yote, nikasugua mawe kwa sabuni, nikajaza maji ya bomba moja kwa moja, nikatia chumvi, na jioni yake nikatia dawa. Ule utelezi wa mawe nilioufuta kama uchafu ndimo walimokuwa vijidudu vinavyosafisha maji ya tangi. Kwa siku moja nilimbadilishia dunia yake yote. Je, nilikuwa namtibu samaki, au nilikuwa nautibu wasiwasi wangu? Msomaji anajua nyumba yenye mgonjwa inavyokuwa: kila ajaye ana mzizi wake mkononi, na asiyeleta kitu huonekana hana huruma.

Kesho yake yule kijana alipita na samaki wake wa kuuza. Alinisalimu, akachungulia tangini kwa muda.

“Mwalimu, huyu mmemchosha,” akasema. “Mwacheni kwanza.”

Nikamwacha, ila si kwa kumtupa. Kwa siku tatu sikumpa chakula. Kila asubuhi nilibadilisha sehemu moja tu ya tano ya maji, tena maji yaliyolala ndooni wazi ili dawa ya bomba ipungue. Upande mmoja wa kioo nikaufunika kwa kanga kuukuu ya mke wangu. Basi. Niseme kweli, kazi hii ilinishinda nguvu kuliko ile ya kusugua na kumwaga. Mzembe naye hatendi, lakini mzembe hatazami. Mimi nilitazama mara kumi kwa siku na kuizuia mikono yangu.

Nilikumbuka habari za matumbawe ya pwani yetu. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Mafia na Unguja yalipauka, kwa sababu yalipoteza vijimea vidogo vinavyoishi ndani yake na kuyalisha. Mengi yalikufa. Yaliyopona yalipona pale maji yalipopoa na vijimea vikarudi. Mkono wa mtu hauwezi kumrudishia tumbawe rangi yake. Unachoweza ni kuyaacha maji yawe maji yanayomfaa.

Juma la pili dume langu likaanza kudonoa jiwe lililokuwa linarudia ukijani wake. Wageni wakanisifu: mwalimu ana huruma hata kwa samaki! Sifa hizo zilinichoma. Mwizi akirudisha mbuzi, tunamwita mfadhili? Niliyemponya ndiye niliyemuumiza, na kabla ya kumuumiza nilikuwa nimemtoa kwao bila haja yoyote ila ya macho yangu. Naona kumhudumia yule uliyemdhuru si sadaka hata kidogo. Ni kulipa deni kidogo kidogo.

Basi kwa nini nisilipe lote, nimrudishe mwambani? Nilishaandaa ndoo. Kisha nikakumbuka kwamba amekaa maji mamoja na wale wa dukani, na sijui walitoka wapi wala wamebeba ugonjwa gani. Upande wa Malawi, kule Cape Maclear, samaki waliotolewa sehemu nyingine za ziwa kwa ajili ya biashara ya matangi waliachiwa majini, na hadi leo vizazi vyao vinaishi kwenye kisiwa cha Thumbi West katikati ya wenyeji. Nikimlipa huyu mmoja kwa njia hiyo, nitakuwa nimekopa kwa maelfu ambao hawakuniomba lolote. Ndoo nikairudisha jikoni.

Nasikia mbuna akitunzwa vizuri hufikia miaka minane, hata kumi. Mimi nina sabini na moja. Juzi mke wangu aliniuliza nani atakayemtazama nikienda Mbeya kutibiwa macho. Nimemwandikia mjukuu wangu karatasi na kuibandika ukutani juu ya tangi: maji sehemu moja ya tano, yalale ndooni, asipewe nyama, ukiona anasimama pembeni, usitie kitu, niite.